Uzi: Kununua gari la misuli la Kimarekani la miaka ya 60 na 70. Nunua bati na karatasi, injini itakuja

Ngosha_wa_Columbus:

Wakuu, salaam.

Tangu niweke picha za Chevrolet Chevelle yangu mwezi uliopita, napokea ujumbe kila siku kutoka kwa ndugu zetu walioko huku Marekani. Mmoja yuko Dallas, mwingine Minneapolis, swali ni lile lile: na mimi nataka gari la misuli la zamani, nianzie wapi? Kujibu mmoja mmoja nimeshindwa, na jambo lenyewe ni kubwa, linahitaji vichwa vingi. Nafungua uzi. Wanaojua zaidi yangu waongeze, na nikikosea mnisahihishe.

Kwanza tuelewane kwenye jina. Nikisema gari la misuli nina maana ya gari la Kimarekani la milango miwili, umbo la kati, lililofungwa V8, injini ya silinda nane, ambayo kwa haki yake ilikuwa ya gari kubwa zaidi, likauzwa kwa bei ambayo kijana mwenye kibarua cha kueleweka aliimudu. Pontiac GTO ya 1964 ndiyo wengi wanaihesabu ya kwanza. Zikafuata Chevelle SS (Super Sport, toleo lake la nguvu), Dodge Charger, Plymouth Road Runner. Mustang, Camaro na Barracuda ni wadogo zao kwa umbo, lakini zikifungwa injini kubwa ni ukoo huo huo, nazihesabu humu.

Mimi ni dereva wa lori la masafa marefu. Nimeshanunua mawili. La kwanza lilinitia hasara, la pili ndilo mliloliona pichani.

La kwanza lilikuwa Mustang ya 1967, nililipata hapa hapa Ohio kwa mtu binafsi. Jekundu, rangi imetoka kupigwa, linang'aa hadi unajiona. Injini ni 289, yaani ukubwa wake kwa inchi za ujazo, ukiwasha inanguruma vizuri, mwenyewe akanizungusha mtaa mzima. Nikatoa dola 17,500 taslimu siku hiyo hiyo. Niliangalia injini nusu saa nzima, chini ya kapeti sikuangalia hata dakika moja.

Wiki ya tatu ikanyesha mvua. Asubuhi nafungua mlango, maji yamesimama pale dereva anapoweka miguu. Nikalipeleka kwa fundi bodi, akang'oa kapeti. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, juu yake mtu kabandika vipande vya bati jembamba kwa ribiti, kisha akapaka lami nyeusi kuficha. Na maji yenyewe yalikuwa yanatokea juu, chini ya kioo cha mbele. Mustang za miaka ile zina bati mbili pale zilizochomelewa pamoja, katikati ni wazi, hewa ya kuingia ndani ya gari inapita humo. Majani ya miti yanaingia, yanaoza, yanashika unyevu, na bati inakufa kwa ndani mahali ambapo macho hayafiki. Kuitengeneza unatoa mabawa ya mbele, unatoboa alama za kuchomelea moja moja hadi bati la juu lifunguke, unaweka jipya, unachomelea upya. Fundi akaniambia dola 9,000, na hapo hajagusa buti. Nikaliuza 10,000 kwa mtu mwenye gereji yake, nikamwonyesha kila tundu kabla hajanipa hela.

Ndiyo maana nasema nunua bati na karatasi. Injini za magari haya ni vyuma rahisi. Chevrolet 350 imeundwa kwa mamilioni, kila mji una mtu anayeijua, spea zake zinapatikana hadi dirishani kwa muuza spea wa kawaida. Kabureta unaifungua mezani jioni moja. Gia, difu, breki, vyote vinafungwa kwa bolti. Bati lililooza halina bolti. Ni saa za fundi, na saa za fundi ndizo zinazomaliza hela.

La pili nilitafuta kwa miezi kumi na moja. Nilikataa magari sita. Hatimaye nikaliona tangazo la Chevelle Malibu ya 1968 iliyoko nje ya Albuquerque, New Mexico. Rangi yake ya kijani ilikuwa imechomwa na jua hadi chuma kinaonekana juu ya paa, viti vimepasuka, dashibodi ina nyufa kama udongo wa kiangazi. Na injini si yake, ilitoka kiwandani na 307, mtu akaitoa akaweka 350. Wanunuzi wengi walilipita kwa sababu hizo. Mimi nilipita Albuquerque na lori, nikaomba ruhusa ya saa tatu, nikajilaza chini yake kwenye mchanga. Sakafu ilikuwa ya kiwandani. Chesisi ina vumbi tu. Buti kavu. Dola 14,000. Nikamlipa mwenye trela akaniletea: barabara ya I-40 hadi Oklahoma City, I-44 hadi St. Louis, I-70 hadi mlangoni kwangu. Leo ina viti vipya, dashibodi mpya, breki za diski mbele, na mvua ikinyesha nalala usingizi.

Kwa hiyo, wakuu, ushauri wangu wa kwanza: kama unaishi huku kwenye majimbo ya chumvi, yaani Ohio, Michigan, New York na majirani zao, ambako barabara zinamwagiwa chumvi kila majira ya baridi, usinunue gari la jirani kwa sababu tu lipo karibu. Tafuta la Arizona, New Mexico, Texas ya magharibi, California ya ndani. Jua linaharibu viti na rangi. Viti na rangi vinanunuliwa.

Karibuni.

Fundi_wa_Keko:

Mkuu Ngosha, umesema kweli tupu. Mimi ni fundi bodi, nilianzia Keko, sasa niko Houston mwaka wa kumi na mbili. Naomba niongezee kwenye ukaguzi maana hapa ndipo watu wanapoumizwa.

Nenda na vitu vinne: sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa laini ili usikwaruze rangi, tochi, kipande cha turubai cha kujilaza, na mtungi wa maji.

Sumaku ipitishe chini ya milango, nyuma ya matairi yote manne, na pembe za chini za mabawa ya nyuma. Ikishika vizuri, kuna bati. Ikiteleza na kuanguka, kuna puti. Puti kidogo si dhambi, gari lina miaka zaidi ya hamsini. Puti nene kama kidole maana yake aliyetengeneza hakutengeneza, alijaza.

Maji ni kwa ajili ya Mustang hasa. Mwombe mwenye gari ruhusa, mimina taratibu kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, mwenzako awe ndani amelala na tochi akitazama juu nyuma ya dashibodi. Maji yakitoka pembeni nyuma ya matairi ya mbele, salama. Yakidondoka ndani, umeshajua bei halisi ya hilo gari.

Chevelle angalia mfereji unaozunguka kioo cha nyuma. Pale maji yanakaa, yanapenya hadi buti. Na gari lolote lililovikwa paa la vinaili liogope mara mbili. Ile ngozi inashika unyevu juu ya bati kwa miaka na huwezi kuona kitu mpaka uibandue. Charger ya 68 hadi 70 nayo kioo chake cha nyuma kimezama ndani, maji yanatuama pembeni yake.

Jambo la Houston: mwaka 2017 kimbunga Harvey kilizamisha magari mengi sana mji huu, na yaliyokuwa gerejini yakiwemo ya zamani hayakupona. Yalikaushwa, yakapigwa rangi, yakasambaa. Inua kapeti, angalia ndani ya taa za nyuma, angalia nyuma ya redio. Ukikuta mstari wa tope ulionyooka, gari lilisimama ndani ya maji.

Mwisho, usinunue gari bila kulipandisha juu. Maduka ya matairi na ya egzosi wengi watakunyanyulia kwa hela kidogo. Muuzaji akikataa gari lisipandishwe, mshukuru na uondoke.

Mama_Neema_MN:

Asanteni sana kaka zangu. Mume wangu ana hamu ya Mustang ya 65 au 66 tangu tukiwa Arusha, na sasa tumepata nafasi. Mimi wasiwasi wangu ni watoto. Tuna wawili, wa miaka sita na tisa. Gari la namna hii linafaa kweli kubeba familia Jumapili?

Ngosha_wa_Columbus:

Dada Mama Neema, swali lako ndilo ambalo sisi wanaume tunasahau kuuliza. Nitakujibu bila kupamba.

Mustang ya 65 na 66 ilitoka kiwandani na breki za mfumo mmoja. Bomba moja likipasuka popote, breki za matairi yote manne zinakwisha kwa pamoja. Kuanzia magari ya 1967 mfumo ukagawanywa mara mbili, mbele na nyuma. Kwa hiyo mkinunua ya 66, kazi ya kwanza kabla ya rangi, kabla ya redio, ni kuweka silinda kuu ya breki yenye vyumba viwili na diski za mbele. Vifaa vinauzwa vikiwa seti kamili na kazi ni ya siku mbili.

Mikanda: nyingi zina mkanda wa kiunoni tu. Mikanda ya begani kwa viti vya mbele ililazimishwa kuanzia Januari 1968, na vya kuegemeza kichwa Januari 1969. Mnaweza kufunga mikanda ya pointi tatu, ipo iliyotengenezwa kwa ajili ya Mustang hizo, lakini ya nyuma ifungwe na fundi anayejua kuimarisha bati kwa ndani.

Na kuna hili la tangi. Kwenye Mustang hizo juu ya tangi la mafuta ndiyo sakafu ya buti. Katikati ya mafuta na watoto walioketi nyuma kuna kadibodi na kiti. Wapo wanaofunga bati la chuma nyuma ya kiti, na mimi kwa watoto ningelifunga kabla hawajaingia hata mara moja.

Ukifanya hayo matatu, Jumapili, mwendo wa taratibu, barabara za mtaani, ndiyo, linafaa. Barabara kuu kwa maili 75 na watoto nyuma, mimi nisingefanya.

Mama_Neema_MN:

Nimekuelewa kaka. Ya tangi sikuwahi kuisikia popote. Nampelekea baba yao asome mwenyewe.

Mzee_wa_Ypsilanti:

Vijana, nawasoma kwa furaha. Mimi nilikuja Michigan kusoma mwaka 1978, nikabaki, na miaka yangu mingi ya kazi niliimalizia kiwanda cha gia cha Willow Run, kile kilichofungwa 2010. Gia ya Turbo 400 inayopatikana kwenye mengi ya magari mnayoyataka ilitoka mikononi mwa watu niliokula nao chakula cha mchana. Naomba niwape historia kidogo, maana inagusa bei.

Kule General Motors kulikuwa na amri kwamba magari ya umbo la kati yasifungwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. John DeLorean na wenzake wa Pontiac wakaipita amri hiyo kwa kuifanya GTO kuwa nyongeza ya kuchagua juu ya Tempest ya kawaida, na ndani yake wakaweka 389. Ilipouzwa, wakubwa hawakuwa na la kusema, na kila kampuni ikafuata. Plymouth wakaja na Road Runner mwaka 1968, haina mapambo, bei ya kuanzia chini ya dola 3,000. Mwaka 1970 Chevelle ikapewa 454 iitwayo LS6, nguvu farasi 450 kwa hesabu ya wakati ule.

Halafu ikaisha haraka. Bima zikapandishwa kwa vijana hadi malipo yake yakakaribia malipo ya gari lenyewe. Sheria ya hewa safi ikapita 1970. Mwaka 1971 General Motors wakashusha mgandamizo wa injini ili zikubali petroli yenye risasi kidogo. Oktoba 1973 Waarabu wakafunga mafuta, watu wakapanga foleni kwenye vituo.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1972 namna ya kupima nguvu ilibadilika. Zamani injini ilipimwa ikiwa mezani, bila egzosi kamili wala vinavyoivuta. Kuanzia 1972 ikapimwa kama ilivyo ndani ya gari. Corvette yenye injini ya LT-1 iliandikwa 330 mwaka 1971, ikaandikwa 255 mwaka 1972, na injini ni ile ile kwa karibu kila kitu. Mtu akisoma karatasi anadhani limekufa. Kwa hiyo magari ya 1972 mara nyingi ni nafuu kuliko ya 1970, na barabarani hamtaona tofauti kubwa kama karatasi inavyosema. Kijana mwenye hela ya wastani aanze kutazama hapo.

Jambo la pili. Jumamosi ya tatu ya Agosti njooni Woodward Avenue, hapa Detroit kwenda juu hadi Pontiac. Tangu 1995 magari haya yanakusanyika karibu kila mwaka, maelfu kwa maelfu, na wenyewe wamekaa kwenye viti pembeni wanapenda kuzungumza. Ombeni kukaa ndani. Wako watu waliota Charger miaka ishirini, wakakaa ndani mara moja wakagundua hawaoni nyuma kabisa.

Ngosha_wa_Columbus:

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru sana. Turbo 350, ndugu mdogo wa hiyo Turbo 400, ndiyo niliyoweka kwangu badala ya Powerglide ya gia mbili iliyokuja nayo, na gari limepata uhai mwingine kabisa.

Mzee_wa_Ypsilanti:

Marahaba mwanangu. Umefanya vema. Powerglide haivunjiki upesi, lakini gia mbili ni chache kwa kilima.

Said_Mutrah:

Assalaam alaikum ndugu zangu. Mimi niko Maskati, mwenyeji wangu Unguja. Huku Ghuba magari ya Kimarekani ya V8 yanapendwa sana, mapya na ya zamani, na Oman tunaendesha kulia kama huko, kwa hivyo usukani wa kushoto si tatizo kwetu. Nilichotaka kuuliza: vipi kuhusu mapya? Mimi nataka sauti na nguvu, ila kulala chini ya gari siwezi tena, mgongo hauniruhusu.

Fundi_wa_Keko:

Waalaykum salaam, Sheikh Said. Kwa mapya mlango umebaki mwembamba. Dodge Challenger na Charger za V8 uundaji wake ulikoma Desemba 2023 kule Brampton, Kanada. Camaro nayo ikakoma karibu wakati huo huo. Mustang ndiyo imebaki na V8, bado inatoka Flat Rock, Michigan, na GT ya lita 5.0 inatoa farasi 480. Charger mpya ilianza kwa umeme, kisha ikapata ya petroli ya silinda sita zenye tabo mbili. Nguvu inayo, lakini ukitaka mngurumo wa V8, siyo hiyo.

Kwa mtu asiyetaka kulala chini ya gari, mimi ningetafuta Challenger ya Scat Pack iliyotumika kidogo, injini ya lita 6.4, farasi 485. Ni gari la kisasa lenye sura ya 1970. Wa huku Marekani waulize bima kwanza kabla ya kulipa, maana Charger na Challenger zenye nguvu zinaibiwa mno na kampuni za bima zinajua.

Ipo na njia ya tatu. Yapo magari mapya yenye umbo la zamani, kama Mustang za miaka ya 60 zinazoundwa upya na Revology kule Florida, bodi mpya kabisa kwa kibali cha Ford, injini ya kisasa. Ni safi sana, lakini bei yake unanunua nyumba Mbezi.

Mto_Athi:

Habari zenu, niko Nairobi. Nimeona Mustang ya 1969 mnadani Texas kwa mtandao. Nikilipa na kuisafirisha hadi Mombasa, itafika kwangu bila shida ama?

Ngosha_wa_Columbus:

Ndugu wa Nairobi, usilipe. Kenya inataka gari lisilozidi miaka minane na lenye usukani wa kulia. Mustang ya 1969 inaanguka kwenye yote mawili. Bila kibali maalumu kilicho mkononi mwako, kwa maandishi, litakaa bandarini likikulia hela za kuhifadhi kila siku. Ukitaka Mustang ya kuendesha Nairobi, fahamu kwamba Ford walianza kuunda za usukani wa kulia kiwandani kuanzia toleo la 2015, na nyingi ziliuzwa Uingereza. Tafuta huko iliyo ndani ya umri unaokubalika. Naelewa si ile uliyoiota, lakini utaliendesha.

Mto_Athi:

Nashukuru kwa ukweli. Nilikuwa nimebakisha kubonyeza tu.

Kijana_wa_Dayton:

Wakuu, nami nina jambo, na ni la haraka. Niko hapa hapa Ohio. Kuna Chevelle ya 1969 inauzwa, muuzaji anasema ni SS 396 halisi, namba zote zinaendana, yaani injini ni ile ile ya kiwandani, anataka dola 46,000. Kanitumia mwanzo wa namba ya chesisi: 136379K. Nimesoma mahali kwamba SS lazima ianze na 138. Huyu ananidanganya?

Ngosha_wa_Columbus:

Kijana, tulia. Namba hiyo haimshtaki na wala haimtetei.

Kanuni ya 138 ni ya miaka 1966 hadi 1968. Miaka hiyo SS 396 ilikuwa na namba yake. Ndiyo maana Malibu yangu ya 68 inaanza na 136 na siwezi kumdanganya mtu kuwa ni SS hata nikibandika alama mwili mzima. Lakini mwaka 1969 SS ikageuzwa kuwa nyongeza ya kuchagua, msimbo wake Z25, juu ya Malibu ya kawaida. Kwa hiyo hiyo namba inasema hivi tu: Malibu ya V8, kupe ya milango miwili, mwaka 1969, imetoka Kansas City. Inaweza kuwa SS, na inaweza kuwa gari la bibi lenye 307 lililovalishwa nguo za SS juzi.

Hapo ndipo karatasi zinapoanza kazi. Ford ya 1967 na kuendelea unaagiza Ripoti ya Marti, inakwambia gari lilivyotoka kiwandani. Pontiac unaagiza kumbukumbu za PHS. Dodge na Plymouth herufi ya tano ya namba ya chesisi inataja injini, J ya 1969 ni Hemi 426, L ni 440. Chevrolet wa Marekani ndio wagumu, rejista ya kuagiza kama hizo hakuna, na ndiyo maana SS bandia zimejaa kuliko gari lingine lolote. Kwa hiyo mwombe vitu hivi:

Karatasi ya kiwandani ya kuundia gari. Kwenye Chevelle mara nyingi iliachwa juu ya tangi la mafuta. Kama ipo na namba yake inalingana, tafuta Z25 ndani yake. Hiyo ndiyo dhahabu.

Namba ya injini. Mbele ya injini upande wa abiria kuna sehemu bapa. Utakuta namba inayoanza 19K kisha tarakimu sita, nazo lazima zilingane na sita za mwisho za chesisi. Angalia na chuma chenyewe: kiwandani kiliachwa na mistari midogo midogo ya mashine. Kikiwa laini kama kioo, mtu kakisaga akapiga namba yake.

Tarehe. Injini ina tarehe ya kumiminwa. Haiwezi kuwa imezaliwa baada ya gari. Tarehe ya gari ipo kwenye kibati cha rangi kwenye ukuta wa injini, tarakimu za mwezi na herufi ya wiki.

Na Z25 ya 1969 ilikuja na breki za diski mbele na difu ya bolti kumi na mbili. Ukikuta breki za ngoma mbele na difu ya bolti kumi, muulize zilikwenda wapi.

Mwisho kabisa hati ya umiliki. Soma namba ya kwenye hati dhidi ya kibati cha dashibodi, herufi kwa herufi. Ribiti za kibati ziwe zile za kiwandani zenye umbo la ua. Ukiona za dukani, au mikwaruzo pembeni, rudisha mikono mfukoni. Kibati kikiwa kimechezewa polisi wanaweza kulichukua gari, na wewe hela umeshatoa. Jina kwenye hati liwe la huyo anayekuuzia, na umwone kitambulisho chake.

Kijana_wa_Dayton:

Mkuu nimempigia. Nimemuuliza karatasi ya kiwandani, anasema hajawahi kushusha tangi. Nimemuuliza kama naweza kulishusha mimi na fundi kwa gharama yangu, kakaa kimya, halafu kasema sawa, njoo Jumamosi. Breki anasema ni diski. Difu hajui.

Fundi_wa_Keko:

Kukubali tangi lishushwe ni dalili njema. Mwambie asiwashe injini kabla hamjafika. Gusa boneti ukifika, iwe baridi. Ikiwashwa, kaa nyuma utazame egzosi. Moshi wa bluu ni oili inaungua, mvuke mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanaingia ndani. Na usimwonyeshe hela kabla karatasi haijasomwa.

Mzee_wa_Ypsilanti:

Ikiwa karatasi haipo na injini si yake, gari bado laweza kuwa zuri, mwanangu. Ila mpe bei ya Malibu yenye injini kubwa, si bei ya SS. Tofauti hiyo ni maelfu mengi na ni haki yako.

Kijana_wa_Dayton:

Nimewaelewa wazee wangu. Tatizo sina fundi wa kwenda naye, na kushusha tangi sijawahi.

Ngosha_wa_Columbus:

Jumamosi sina safari. Kutoka kwangu hadi Dayton ni kama saa moja na dakika kidogo. Nitumie anwani kwa ujumbe wa faragha. Saa mbili asubuhi nitakuwa hapo na jeki mbili, turubai na sumaku. Wewe lete tochi nzuri na chombo safi cha kumwagia petroli, maana tangi lazima tulitoe mafuta kwanza.

Kijana_wa_Dayton:

Kaka, Mungu akubariki. Nimeshakutumia. Chombo nanunua leo.